Nasaba Mbele ya Sheria

Katika mashairi yetu nasaba hutajwa kwa fahari, nasi hatuna ugomvi na fahari hiyo. Ugomvi wetu huanza pale neno hilo lihamishwapo kutoka utenzini hadi katika sheria, likapewa kazi ya kuamua nani akae nchini na nani asindikizwe mpakani. Sheria nayo ni maandishi. Yafaa isomwe kwa makini yale yale tusomayo shairi.

Tuchukue Katiba ya Zambia kama ilivyorekebishwa mwaka 1996. Ilimtaka mgombea urais awe na wazazi wawili ambao wote ni Wazambia kwa kuzaliwa au kwa nasaba. Sharti hilo lapendeza sikioni mpaka lipimwe kwa kalenda. Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba, 1964. Mzazi aliyezaliwa kabla ya siku hiyo alizaliwa katika Rhodesia ya Kaskazini, chini ya Mwingereza, angezaliwaje Mzambia? Mtunzi wa kifungu alisahau umri wa nchi yake.

Aliyekusudiwa, kwa maoni ya wengi, alikuwa Kenneth Kaunda. Alizaliwa karibu na Chinsali mwaka 1924, baba yake akiwa mwalimu na mhubiri aliyetoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Aliiongoza Zambia miaka 27, kisha mwaka 1999 mahakama huko Ndola ikatamka kwamba hana uraia wa nchi yoyote. Lakini upanga huo ulikuwa na makali pande mbili: wapinzani walimshtaki Rais Chiluba mwenyewe, wakidai kuwa wazazi wake walikuwa wageni. Mahakama ya Juu ililitupilia mbali shauri hilo mwaka 1998.

Wanyonge zaidi ya marais waliumia zaidi. Mwaka 1994 William Banda na John Chinula, wanasiasa wa chama cha UNIP, walipelekwa Malawi kwa nguvu kwa hoja kwamba asili yao ni huko. Malawi nayo haikuwatambua kuwa raia wake. Na mtu wa rika lao athibitishe vipi mahali alipozaliwa babaye, hali Waafrika wengi wa zama za ukoloni hawakuandikishwa popote, na wazee waliojua wamekwisha kuzikwa? Karani hubaki akisikiliza lafudhi na kupima jina la ukoo, kana kwamba Wachewa na Wangoni hawaishi pande zote mbili za mpaka ule.

Kifungu kile cha wazazi kiliondolewa mwaka 2016. Chinula alikuwa amekwisha kufa ugenini Malawi.