Jedwali Linalostahimili Fotokopi

Halmashauri nane za Ruvuma zinapokutana Songea kupima utekelezaji wa mkataba wa lishe, macho yote huwa kwenye kadi alama: kila halmashauri na mstari wake, kila kiashiria na kisanduku chake. Kijani imefikia lengo, njano imekaribia, nyekundu imeachwa nyuma. Mikataba hii ilianza kusainiwa 2017, na 2022 wakuu wa mikoa waliisaini upya mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan. Si jedwali la mapambo. Chekundu kimoja chatosha kumdai mtu maelezo.

Sasa, ukumbini huenda yumo ambaye kijani hicho na nyekundu hiyo humjia zote rangi ya udongo. Upofu huu wa rangi hurithiwa kupitia kromosomu X, ndiyo maana huwapata zaidi wanaume: karibu mmoja kati ya 12 kwa wenye asili ya Ulaya Kaskazini, wachache kuliko hao kwetu Afrika. Naye hasemi. Nani atanyoosha mkono kikaoni kuuliza kisanduku kile ni cha rangi gani?

Fundi hodari wa majedwali haanzi na rangi. Anaanza na tarakimu ndani ya kisanduku, kisha alama: pembetatu iliyosimama, duara, pembetatu iliyopinduliwa. Rangi huja mwisho, na hapo ndipo subira yake huonekana. Nyekundu anaisogeza kidogo kuelekea chungwa, kijani anaivuta kuelekea bluu, kama walivyofanya Wajapani Masataka Okabe na Kei Ito katika rangi zao nane ambazo wanasayansi wengi huzitumia. Mtazamaji wa kawaida haoni kilichobadilika. Kwake nyekundu ni nyekundu.

Ila jedwali halibaki ukutani. Litachapwa, litatolewa fotokopi nyeusi na nyeupe, na nakala itafika halmashauri za Tunduru au Nyasa. Kwenye karatasi hiyo sote ni vipofu wa rangi: nyekundu na kijani hutoka kijivu cha kukaribiana, hata zile za Okabe na Ito. Kwa hiyo fundi hupima pia uzito. Nyekundu anaikoleza hadi tarakimu yake iandikwe kwa nyeupe, kijani anaififisha. Kwangu mimi fotokopi ndiyo mtahini mkali kuliko programu yoyote ya kuigiza macho ya wengine.

Kazi ya ramani ni nyepesi kidogo, kwani Cynthia Brewer wa Marekani alikwisha kupanga ngazi za rangi zinazotoka hafifu kwenda nzito, na kuonyesha zipi zinasomeka na wasiotofautisha rangi. Unachagua tu.

Chati ya mistari ndiyo kazi. Ufunguo ukikaa pembeni, jicho linabeba rangi hadi kule na kurudi, na asiyeitofautisha hubeba mikono mitupu. Fundi anaufuta ufunguo wote, anaandika Namtumbo pale mstari wa Namtumbo unapoishia, Madaba pale wa Madaba unapoishia. Mistari isiyozungumziwa siku hiyo anaiacha kijivu. Mbinga Mji na Mbinga Wilaya zikiishia mahali pamoja, jina moja hupanda juu, jingine hushuka chini, kwa vipimo vya unywele. Robo ijayo takwimu zitakuja mpya, na majina yote yatasogezwa tena.