Kwa Nini Ampu Ndogo ya Transista Inafaa Fleti za Hurlingham

Kando ya Barabara ya Argwings Kodhek, kuanzia madukani Hurlingham hadi Yaya Centre, nyumba za zamani zenye bustani zimekuwa zikibomolewa na maghorofa ya fleti kuchukua nafasi yake. Mpiga gitaa anayekaa humo ana jirani juu, jirani chini na jirani ubavuni. Akitaka kununua ampu, wanamuziki wenzake watamuuliza swali la tangu zamani: valvu au transista? Wengi watamwambia kwamba valvu ndiyo ampu ya kweli, na transista ni ya wanaojifunza. Lakini jambo hilo likipimwa kwa muziki unaopigwa hapa, kwa sheria, kwa stima na kwa mikono ya mafundi waliopo, transista inashinda.

Dharau dhidi ya transista ina chanzo chake. Mwaka wa 1966 kampuni ya Fender ilitoa ampu zake za kwanza za aina hiyo. Zilipata joto kupita kiasi na kuharibika ovyo, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 zilikuwa zimeondolewa sokoni. Isitoshe, transista ikizidiwa nguvu hukata mawimbi ya sauti ghafla, na mkwaruzo unaotokea huumiza sikio. Valvu huyakata taratibu. Hapo ndipo wapigaji wa bluzi na roki walipoipendea: kwa namna inavyoikwaruza sauti ikisukumwa hadi mwisho.

Muziki wa benga hauna haja kubwa na mkwaruzo huo. Solo yake imejengwa juu ya nyatiti, ala ya Waluo yenye nyuzi nane, ambapo kila noti hudonolewa na kusikika peke yake hata mwendo ukiwa wa kasi. Msikilize D. O. Misiani na Shirati Jazz: gitaa linajibizana na besi, na noti zikifunikana mazungumzo hayo hupotea. Ndivyo ilivyo pia kwa Les Wanyika, bendi ya rumba iliyoundwa Nairobi mwaka wa 1978. Katika “Sina Makosa”, ridhimu ya Omar Shabani na besi ya Tom Malanga zinapishana bila kugusana, na utamu wa wimbo uko katika nafasi kati ya noti. Muziki wa namna hii unahitaji ampu inayotoa sauti safi, na hiyo ndiyo kazi ambayo transista huifanya vizuri zaidi.

Ushahidi ulipatikana Japani. Mwaka wa 1975 Roland ilitoa Jazz Chorus JC-120, ampu ya transista yenye wati 120 zilizogawanywa kati ya spika mbili za inchi 12. Sauti ya koras inapowashwa, spika moja hutoa sauti kama ilivyo. Ya pili huichelewesha na kuiyumbisha kidogo, na sauti hizo mbili hukutana hewani. Ampu hiyo bado inatengenezwa. Toleo lake dogo, JC-22, lina wati 30 na spika mbili za inchi 6.5, na linaenea kwenye kona ya sebule. Hata B. B. King, mfalme wa bluzi, alitumia kwa miaka mingi ampu ya transista, Lab Series L5.

Sasa kelele. Spika ya kawaida ya gitaa ya inchi 12, ikipewa wati moja na kupimwa umbali wa mita moja, hutoa takriban desibeli 97. Nguvu ikiongezwa mara mbili, zinapatikana desibeli 3 tu zaidi. Kwa hiyo ampu ya valvu ya wati 22, kama Fender Deluxe Reverb, ikifikishwa pale sauti yake inapoanza kunoga, itakuwa imefika desibeli 110 hivi. Ya wati 5 itafika 104. Hata ukuta ukimeza desibeli 50, zinazomfikia jirani bado ni kati ya 54 na 60.

Kanuni za Kenya za mwaka wa 2009 kuhusu kelele na mitetemo, zinazosimamiwa na mamlaka ya mazingira, NEMA, zinaruhusu desibeli 45 ndani ya nyumba za makazi mchana na 35 usiku, na usiku wa kisheria huanza saa mbili usiku. Suala hili si la makaratasi tu. Novemba 2022, baada ya malalamiko ya wakazi, gavana Johnson Sakaja alitangaza kufutwa kwa leseni za vilabu vya usiku vilivyo katika maeneo ya makazi Nairobi.

Njia ya kisheria kwa anayefanya mazoezi usiku ni hedifoni, na hapo transista ina faida ya kimaumbile. Ampu ya valvu husukuma spika kupitia transfoma ya kutolea sauti, na transfoma hiyo lazima iwe na mzigo. Ukichomoa spika ili upige kimya, transfoma au valvu zenyewe zinaweza kuungua. Ampu ya transista haina transfoma hiyo, ndiyo maana hata zile za bei nafuu huja na tundu la hedifoni.

Stima nayo ina hesabu yake. Fender Twin Reverb ina valvu nne kubwa za 6L6 na sita ndogo. Kila 6L6 hula ampea 0.9 kwa volti 6.3 ili kupashwa moto tu, na kila ndogo hula 0.3. Jumla ni kama wati 34 kabla noti moja haijapigwa. Ampu yenyewe ina uzito wa kilo 29 hivi. Boss Katana ya wati 50 haifiki kilo 12, na inaweza kushushwa hadi nusu wati. Anayepanda matatu kwenda kupiga kanisani au harusini anajua tofauti hiyo ina maana gani. Kisha stima ikipotea, kama ilivyopotea karibu nchi nzima tarehe 25 Agosti 2023, Roland Micro Cube GX ya wati 3 huendelea na betri sita ndogo kwa saa 25 hivi.

Kuhusu matengenezo, valvu huchakaa, na viwanda vikubwa vinavyozitengeneza vimebaki vichache: Slovakia, Urusi na China. Machi 2022, Urusi ilipozuia bidhaa nyingi kuuzwa nje, shehena za kiwanda cha Saratov zilikwama na bei zikapanda dunia nzima. Valvu za nguvu zikibadilishwa, mara nyingi fundi hulazimika kurekebisha mkondo wake upya, huku ndani kukiwa na volti zaidi ya 400 zinazoweza kubaki kwenye kapasita hata plagi ikiwa imechomolewa. Ampu nyingi rahisi za transista hutumia IC za jamii ya TDA2030 na TDA2050, zilezile zilizomo ndani ya woofa za sebuleni. Fundi wa redio anazifahamu.

Zipo hoja za kweli upande wa pili. Baadhi ya ampu za transista ni za kidijitali na zina bodi zilizobanana mno, na ikiungua prosesa mara nyingi bodi nzima hutupwa. Mwenye studio iliyozibwa sauti, anayepiga bluzi au roki, atapata kwenye valvu mwitiko wa vidole ambao transista nyingi bado haziutoi.

Kwa mpiga solo wa benga au rumba anayekaa fletini Hurlingham, anunue transista ya wati 20 hadi 50 yenye spika isiyopungua inchi 8, tundu la hedifoni na tundu la kwenda kwenye mikisa. Akiletewa ampu na ndugu kutoka Marekani, asome kwanza kibandiko cha nyuma: ikiwa imeandikwa volti 120 peke yake, asiichomeke kwenye soketi ya volti 240 bila transfoma ya kushusha umeme. Na kabla ya kulipa, aende dukani na gitaa lake, apige kwa sauti ya chini ile ambayo jirani ataivumilia, kwa sababu hiyo ndiyo sauti atakayoitumia kila siku.