Neva Iking'oka Shingoni, Mkono Huokolewa Karibu na Msuli

Kwenye mteremko wa Mbalizi, mkoani Mbeya, malori yaendayo Zambia na bodaboda hugombea barabara moja. Dereva wa bodaboda akirushwa na kuangukia bega, neva zitokazo shingoni kwenda mkononi huvutika hadi zikakatika, au zikang'oka kabisa kwenye uti wa mgongo. Mifupa itaunga, lakini mkono utaning'inia, kiwiko kisikunjike.

Neva iliyokatika kwa kitu chenye makali huweza kushonwa moja kwa moja. Daktari hupunguza ncha zilizoharibika mpaka afikie nyuzi nzima, kisha, akitazama kwa hadubini, hushona utando wa nje kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Ncha hazipaswi kuvutwa: mshono uliokaza hubana damu na kuzaa kovu, nalo kovu huzifungia nyuzi njia. Pengo likiwa kubwa, huwekwa kipande cha neva ya mguuni, mbinu iliyoimarishwa na Hanno Millesi wa Vienna miaka ya 1970. Mgonjwa hulipa kwa ganzi kidogo pembeni mwa unyayo.

Kwa neva za shingoni, tatizo ni umbali. Neva huota takriban milimita 1 kwa siku. Toka shingoni hadi kiganjani ni zaidi ya sentimita 60, yaani siku 600 na ushei. Ilhali msuli uliokosa neva hunywea, na baada ya miezi 12 hadi 18 haupokei tena nyuzi.

Mwaka 1994, Christophe Oberlin wa Ufaransa alielezea njia ya kufupisha safari hiyo. Neva iendayo upande wa kidole cha mwisho ikiwa bado nzima, huchukuliwa kifungu chake kimoja, hasa cha kukunja kifundo cha mkono, na kushonwa kwenye tawi la msuli wa mbele wa mkono wa juu. Nyuzi hubakiwa na sentimita chache tu. Kiwiko huweza kuanza kukunjika baada ya miezi kadhaa, na kiganja hakipungukiwi nguvu sana.

Muhimbili, Dar es Salaam, ilipo Taasisi ya Mifupa MOI, ni zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbalizi, kwa hiyo upasuaji huu huanza na anayempokea majeruhi. Siku ya kwanza aandike: bega linainuka? Kiwiko kinakunjika? Vidole vinahisi? Arudie kila mwezi. Miezi 3 ikipita bila msuli kuamka, mgonjwa apewe rufaa, afanyiwe upasuaji kabla ya miezi 6 kutimia. Kumwambia asubiri tu ni kumnyima mkono.