Uzito wa Dubwana

Kabla ya kumwigiza Gojira, dubwana ajulikanaye pia kama Godzilla, katika filamu ya mwaka 1954, mwigizaji Haruo Nakajima alikwenda bustani ya wanyama ya Ueno, jijini Tokyo, kuwatazama tembo na dubu wanavyotembea. Vazi la kwanza alilopewa lilikuwa na uzito wa karibu kilo 100, gumu hata halikunjiki. Alijikokota hatua chache, akaanguka. Lililofuata lilipunguzwa ugumu, lakini chini ya taa kali za studio ya Toho lilikuwa tanuri bado.

Taabu ile ndiyo ninayoisifu. Gojira anapoinua mguu, tunamwona kiumbe anayeubeba mwili wake mwenyewe, maana ndani yumo mtu anayeelemewa kweli. Fundi wa mbinu za picha, Eiji Tsuburaya, alinasa picha kwa kasi kubwa, ili zikionyeshwa kwa kasi ya kawaida mwendo ule uzidi kuwa mzito. Mitaa ya Ginza, Tokyo, ilijengwa upya kwa umbo dogo, ili iporomoke inavyostahili. Ngozi ya dubwana ilifinyangwa ifanane na makovu ya walionusurika bomu la atomiki. Na ile ngurumo! Ni glavu ya ngozi iliyopakwa utomvu, ikisuguliwa kwenye nyuzi zilizolegezwa za fidla kubwa ya besi.

Kasoro zipo. Kikaragosi cha mkono kilichotumika kwa picha za karibu hakifanani sana na vazi, na kisa cha mapenzi cha watu watatu kinachosha katikati. Nayasamehe yote hayo kwa ajili ya onyesho la hospitali. Mwezi Machi mwaka ule, wavuvi wa meli ya Kijapani Daigo Fukuryū Maru waliangukiwa na majivu ya bomu la haidrojeni lililolipuliwa na Marekani huko Bikini, katika Bahari ya Pasifiki. Mmoja wao, Aikichi Kuboyama, akafariki Septemba. Filamu ilipotoka Novemba, mwongozaji Ishirō Honda hakuishia kwenye moto. Aliwapeleka watazamaji hospitalini, miongoni mwa majeruhi, ambako mtoto anapimwa mnururisho na daktari anatikisa kichwa tu.

Leo kompyuta huchora kila gamba, kwa ustadi ninaouheshimu. Lakini katika Godzilla vs. Kong ya 2021, maghorofa ya Hong Kong yanaanguka usiku kucha, na hakuna anayeuliza ni akina nani waliokuwa wamelala humo. Madubwana wanarushana kama karatasi. Kompyuta siyo yenye hatia: Godzilla Minus One ya Takashi Yamazaki, ya 2023, ilitumia kompyuta hizohizo na bado watu wake wanaomboleza wafu wao. Kilichopotea ni subira ya kumfanya dubwana awe mzigo kwa mtu fulani, kwanza kwa anayemwigiza, kisha kwetu.

Nakajima alimwigiza Gojira ndani ya vazi la mpira hadi mwaka 1972, akafariki 2017. Toho ilimvisha mtu vazi la Gojira kwa filamu kubwa mara ya mwisho mwaka 2004. Katika Shin Godzilla ya 2016, mwendo wa dubwana ulinakiliwa kutoka kwa Mansai Nomura, bingwa wa mchezo wa jukwaani wa kyōgen. Mtu bado alihitajika ili dubwana atembee, ila jina lake lilifichwa hadi filamu ilipotoka, na mwili wake hauonekani popote.