Istilahi za Aina za Riwaya na Haja ya Msomaji wa Maktaba

Istilahi za ukutubi zinazohusu utunzaji wa vitabu zimekwisha kupata makazi katika Kiswahili. Maneno kama maktaba, mkutubi na kuazima hayamshangazi mtu. Lakini istilahi zinazohusu kumsaidia msomaji apate hadithi atakayoifurahia zingali zinayumba. Jambo hili si dogo. Anayekuja kutafuta kitabu cha kilimo aweza kutaja zao na ugonjwa wake. Anayekuja kutafuta riwaya anatafuta ladha, na ladha haielezeki ila kwa maneno. Maneno yakipotoka, na kitabu atakachopewa kitakuwa si chake. Akikosea mara mbili tatu, harudi tena.

Mpango wa Melvil Dewey, uliotolewa mwaka 1876 na ambao maktaba nyingi zinaufuata, hautatui shida hii. Katika mpango huo fasihi ya Kiswahili imepewa namba 896.392, kisha hugawanywa kwa kufuata maumbo: ushairi, tamthilia, riwaya na kadhalika. Kwa hiyo Adili na Nduguze ya Shaaban Robert (1952) na Kufa na Kupona ya Elvis Musiba (1974) huweza kukaa rafu moja, ingawa msomaji wa kitabu kimoja huenda asiwe na haja kabisa na kingine. Namba humwonyesha mkutubi mahali pa kitabu. Haimwambii kitabu hicho kinamfaa nani.

Wahakiki wamejaribu kuliziba pengo hilo kwa istilahi riwaya pendwa, inayowekwa mkabala na riwaya dhati. Hatuoni kwamba istilahi hii inafaa kwa kazi ya maktaba. Kwanza, pendwa ni neno la kutendwa: linataja waliyoyafanya wasomaji, wala halitaji kilichomo kitabuni. Rosa Mistika ya E. Kezilahabi (1971) ilipendwa na wengi mno, wala haihesabiwi kuwa riwaya pendwa. Pili, istilahi hii hubeba hukumu. Kumwambia mtu mzima kwamba anachokitaka si dhati ni kumtahayarisha mbele ya meza ya mkutubi, na mtu aliyetahayari hasemi tena alipendalo. Istilahi hiyo na ibaki katika vyumba vya mihadhara, ambako ina kazi yake.

Kosa la pili ni la kutumia neno moja kwa vitu viwili. Tunasema riwaya ya upelelezi kwa vitabu vya Muhammed Said Abdulla na kwa vitabu vya Musiba pia. Ni kweli kwamba Bwana Msa na Willy Gamba wote wawili hupeleleza. Lakini Bwana Msa, tangu Mzimu wa Watu wa Kale (1960), ni raia mwenye kiko na subira, anayefumbua fumbo kwa kupima maneno ya watu. Willy Gamba ni mtumishi wa siri wa dola, anayepambana na maadui wa ukombozi wa Kusini mwa Afrika kwa mbio na silaha. Aliyefurahia fumbo la kwanza akakabidhiwa kitabu cha pili kwa sababu tu vyote vimeandikwa "upelelezi" ana haki ya kulalamika. Na lugha yetu haina upungufu hapa, kwani neno jasusi tunalo siku nyingi. Tunapendekeza riwaya ya upelelezi ibaki kwa hadithi za kufumbua uhalifu, na riwaya ya ujasusi itumike kwa hadithi za siri za dola na maadui zake.

Hata hivyo, majina ya aina hayatoshi. Mwaka 1989 wakutubi wawili wa Marekani, Joyce Saricks na Nancy Brown, walionyesha kwamba kinachomvuta msomaji aghalabu hukata mipaka ya aina. Walitaja mambo manne, nasi twaweza kuyaita mwendo, wahusika, kisa na mandhari. Maneno haya yote yamo vinywani mwa watu. Mkutubi aweza kuuliza: "Ulipenda kitabu kiendacho mbio, au kile cha taratibu? Kilichokushika ni mtu fulani, au ni mahali penyewe?" Aliyependa Kisima cha Giningi (1968) kwa ajili ya fumbo lake ataelekezwa kwenye Siri ya Sifuri (1974). Aliyekipenda kwa ajili ya Unguja yenyewe, pengine atafurahia zaidi Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed (1976), ijapokuwa si ya upelelezi hata kidogo.

Yapo maneno mengine yanayostahili kupimwa kwa kipimo hicho hicho. Bunilizi ya kisayansi ni istilahi iliyoundwa kwa ustadi, lakini msomaji wa kawaida hataitamka; hadithi za sayansi itamfikisha upesi zaidi. Riwaya ya mapenzi haina haja ya kupambwa.

Msanifu wa istilahi hufanya kazi yake kwa kuangalia dhana na mzizi wa neno. Kwa istilahi hizi hapana budi aongeze kipimo cha tatu: je, msomaji aliyesimama mbele ya rafu aweza kulitumia neno hilo kuomba akipendacho, bila ya haya na bila ya mkalimani? Neno lisiloweza hivyo, hata liwe sanifu namna gani, halijaifikia maktaba.