Blogu si Gazeti

Waandishi wa awali wa blogu za Kiswahili, akiwamo Ndesanjo Macha aliyeanzisha Jikomboe mwaka 2004, waliziita pia “magazeti tando”. Kwa maoni yetu, istilahi hiyo inapotosha. Huduma ya Blogger, iliyozinduliwa na Pyra Labs mwaka 1999 na kununuliwa na Google mwaka 2003, ilimwondolea mwandishi wa Kitale haja ya kupeleka mswada Nairobi kwa mhariri. Hilo limesifiwa vya kutosha. Umbo, hata hivyo, halijahakikiwa: andiko jipya hukaa juu, la kale chini, na hadithi ya mfululizo husomwa kuanzia mwishoni. Mwanafunzi mmoja wa Bungoma alituandikia muhtasari wa hadithi ya aina hiyo, muuaji akitangulia maiti. Tulimkata alama, isivyo haki.