Mvua mbili ndani ya hoja ya Mbiti

Mwaka 1969 John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, alichapisha diwani ya mashairi, Poems of Nature and Faith, na pia African Religions and Philosophy, kitabu kilichompa jina. Hiki cha pili kilizua ubishi usioisha, kwa kudai kwamba Mwafrika wa jadi ana wakati uliopita usio na mwisho, lakini wakati ujao wake ni mfupi: miezi sita hivi, au miaka miwili ikizidi sana. Wengi huisoma hoja hiyo kama suala la sarufi, kwa sababu Mbiti aliitegemeza kwa jedwali la nyakati za vitenzi vya Kikamba na Kikikuyu. Kwa maoni yangu, jedwali hilo ndilo nguzo yake dhaifu. Uzito wa hoja uko shambani.

Tazama anavyoujenga mwaka. Kwake mwaka hauhesabiwi kwa siku. Unatimia misimu inapotimia, mvua mbili na viangazi viwili, na ukiwa na siku 350 au 390 si neno. Hiyo ni hesabu ya mkulima wa nchi kavu. Kitui na Makueni mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo za kutumainiwa. Zile za Machi hadi Mei hudanganya mara kwa mara. Mbaazi ndefu zinazopandwa Oktoba hupita mvua zote mbili na kuvunwa karibu na Agosti, na kati ya mazao yanayopandwa kila mwaka ni vigumu kupata linalokaa shambani zaidi ya hapo. Mvua ikikataa mara mbili mfululizo, mbegu iliyowekwa huliwa na mipango yote huanza upya. Miaka miwili ni mvua nne, na kaya isiyo na akiba nyingine haina sababu ya kuhesabu mvua ya tano. Nikiisoma hivyo, naona hoja ya uchumi iliyovaa joho la falsafa, na joho lenyewe limeibana kidogo.

Mbinu ya kuijenga hoja juu ya kalenda ya misimu si ya Mbiti peke yake. Mshairi wa Marekani Ezra Pound, aliyemwamini Confucius kuliko wanauchumi wa zama zake, alifungua sehemu ya Cantos inayosimulia China, iliyotoka 1940, kwa kalenda ya miezi kutoka kitabu cha kale cha Li Ji, inayompangia mtawala la kufanya kila msimu. Pound aliipata kalenda hiyo katika tafsiri, akaifanya kipimo cha serikali njema. Mbiti alizaliwa ndani ya kalenda anayoieleza. Ndiyo maana kwake msimu ni mpaka wa kile mtu anachoweza kukitegemea. Hautoi amri kwa mtawala yeyote.

Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga kwa kutumia Kiakan: lugha hiyo ina wakati ujao wa mbali, basi hukumu ya Afrika nzima haisimami. Ana haki, ila pingamizi lake linagusa jedwali tu. Zito zaidi linatoka Makueni kwenyewe, kwenye matuta ya fanya juu. Mtu huchimba mtaro kwa kufuata usawa wa mteremko, hurusha udongo upande wa juu, kisha huachia mvua za miaka kadhaa zilisawazishe shamba. Nani angejisumbua hivyo kama hana kesho ya mbali? Jibu ni kwamba tuta hulipa mapema pia, kwa kuzuia maji msimu uleule. Tena serikali ya kikoloni ilipolazimisha kazi ya matuta watu waliichukia. Walikuja kuikumbatia kwa hiari baadaye, walipopata zao la kuuza na soko la kuliuzia. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki waliyaeleza mabadiliko hayo mwaka 1994 katika utafiti wao wa Machakos, wilaya iliyokuwa imeimeza Makueni hadi 1992.

Mbiti alikubali kwamba wakati ujao unarefuka, akaipa sifa kubwa dini ya Kikristo na elimu ya shule. Hapo simfuati. Mwembe uliobebeshwa huchukua miaka mitatu au minne kabla ya kuleta pesa, na anayeupanda Makueni leo anavuka mpaka wa Mbiti bila kuhubiriwa na yeyote, ilimradi ana uhakika wa ardhi na wa mnunuzi.